Mng'ao wa Pijo ya Mzee Yoramu

Jongeeni karibu. Mliosimama mlangoni ingieni, na mwenye la kumnong'oneza jirani yake amalize kwanza. Hadithi yangu leo haina jini wala mfalme. Ina gari moja, watoto watatu wa baba mmoja, na ufunguo mmoja. Nikifika mwisho nitawaachia ninyi muamue, maana mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa.

Katika mji mdogo mmoja kati ya Dodoma na Manyoni, huko ambako vumbi jekundu huingia hadi kwenye chai na maji ya kisima yana chumvi, aliishi mzee akiitwa Yoramu. Alikuwa dereva wa serikali kwa miaka thelathini na moja, akiendesha magari ya watu wengine. Alipostaafu akanunua la kwake: Pijo ya zamani, ya bluu kama anga la asubuhi baada ya mvua. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mzee aliipenda ile Pijo kwa mapenzi yote yaliyombakia. Kila Jumamosi aliiwasha, akaendesha mpaka upande wa Kintinku kwa rafiki yake wa ujanani, Mzee Ndahani. Huko walikaa wakacheza bao na kubishana mpaka jua linapopoa, kisha akarudi.

Mzee Yoramu alijaliwa watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Dorika, alijua maji. Tangu akiwa msichana ndiye aliyechota ya nyumba nzima, na ukimpa kikombe akaonja kwa ncha ya ulimi, alikwambia yametoka kisima gani. Sasa alikuwa mhudumu wa zahanati huko Manyoni, mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kuamrisha.

Wa pili, Mika, alijua kuuliza. Alikuwa na duka la misumari na rangi mjini Dodoma, na hakuwahi kununua kitu bila kusoma maandishi yote ya kwenye pakiti, hata yale madogo kama sisimizi. Asipoyaelewa, aliuliza watu watatu, kisha akamwamini wa nne.

Wa tatu, Perisi, alijua kitambaa. Ungemfunga macho ukampa kipande, kidole chake kingekwambia kama ni pamba au nailoni, kama ni kipya au kimefuliwa mara mia. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyebaki nyumbani na baba. Tumfuate huyu Perisi, kwa sababu ndani ya kifua chake palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Jambo lenyewe lilitokea miaka minne kabla. Siku hiyo Perisi alitaka kumfurahisha baba. Pijo ilikuwa imeegeshwa chini ya mgunga, na utomvu wa ule mti ulikuwa umedondokea boneti, ukakauka na kuwa vidonge vigumu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, bati la gari limepata moto kama kikaango. Perisi akachota maji ya kisima, akamimina sabuni ya unga ya kufulia, ngumi mbili nzima. Vumbi hakulisuuza. Alilisugua vile vile likiwa kavu, kwa gunia. Na utomvu ulipokataa kutoka, akaingia jikoni akachukua ule waya wa kusugulia masizi ya sufuria. Utomvu ukatoka. Akafurahi, akasugua na kwingine.

Gari lilipokauka, akaona alichokifanya. Boneti lote lilikuwa limefubaa, limejaa viduara vyeupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alimwagia maji, likang'aa. Maji yakakauka, likafubaa tena.

Baba akatoka ndani, fimbo mkononi. Akasimama mbele ya gari lake, akainamisha kichwa.

"Perisi mwanangu, mbona naona ukungu hapa kwenye boneti?"

Angeweza kusema kweli. Mdomo ulikuwa wake. Lakini jibu lilimtoka kabla hajalifikiri.

"Ukungu gani, baba? Mimi siuoni. Labda ni macho."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akatazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda."

Tangu siku ile Mzee Yoramu akawa anaendesha polepole. Mwezi uliofuata akaanza kurudi kutoka Kintinku mapema, kabla jua halijapungua makali. Kabla mwaka haujaisha akautundika ufunguo kwenye msumari ukutani, akasema, "Dereva asiyeyaamini macho yake asiue watu." Basi la abiria haliendi mpaka kwa Mzee Ndahani; linakushusha barabara kuu, ukatembee saa nzima, na goti la mzee lilikuwa haliwezi tena safari hiyo. Kwa hiyo hakwenda. Mwaka wa pili Mzee Ndahani akafariki dunia. Marafiki wale wawili walikuwa hawajaonana kwa miezi kumi na saba. Perisi alimshika baba mkono wakati wa mazishi, na alipomsikia akisema, "Ningekuwa na macho ningekuja," alihisi kama ameshika kaa la moto na haruhusiwi kuliachia.

Mara ngapi alitaka kusema! Alijipangia Jumapili baada ya ibada, ikapita. Alijipangia siku baba atakapokuwa na furaha, na siku ilipofika hakutaka kuiharibu furaha yenyewe. Uongo ule ulikuwa wa maneno machache tu, lakini kila mwezi uliopita uliuongezea uzito.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu macho ya mzee yaliharibika kwelikweli, na hilo halikuwa na ubishi. Akawa anamimina chai nje ya kikombe. Wakampeleka hospitali Dodoma, daktari akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, atafanyiwa upasuaji na ataona. Angekaa kwa Mika wiki tatu, akihudumiwa na mke wa Mika, jicho moja kwanza, kisha la pili.

Kabla ya kuondoka aliutungua ufunguo ukutani, akautia mfukoni, akawaita watoto wake watatu.

"Mimi kuendesha basi tena," alisema. "Hata macho yakirudi, goti halikanyagi klachi. Gari limekaa na vumbi miaka mitatu, lakini nataka niione Pijo yangu mara moja, kwa macho mazima, ikiwa kama siku niliyoinunua. Nikirudi nikaikuta inang'aa, nitamkabidhi ufunguo yule aliyeirudishia mng'ao wake. Itakuwa gari lake."

Dorika alilihitaji gari lile, maana zahanati yake ilihudumia vijiji vya mbali. Mika alilihitaji kwa duka lake. Perisi peke yake hakuwaza kulipata. Aliwaza macho ya baba yakifunguliwa, na kitu cha kwanza yatakachokiona kiwe vile viduara vyeupe.

Siku ya tatu baada ya baba kuondoka, Mika na Dorika wakaja. Mika akapitisha kiganja juu ya boneti lililofubaa, akatikisa kichwa. "Jua la huku nalo halina huruma."

Perisi akafungua mdomo. Akaufunga. Hivyo akadanganya mara ya pili, safari hii bila hata kusema neno.

Wakaanza kazi.

Dorika ndiye aliyeamua maji. Perisi alipoelekea kwenye pampu ya kisima na ndoo, dada yake akamdaka mkono. "Maji ya kisima? Yakikauka yanaacha madoa meupe ya chumvi, huoni birika lako lilivyo ndani? Na ni nani anayeosha gari juani, sabuni inakaukia juu kabla hujaisuuza?" Akawaamuru wasukume Pijo hadi upande wa ukuta wenye kivuli cha asubuhi, waache bati lipoe mpaka unaweza kuliwekea shavu. Kisha akashusha maji ya mvua aliyokuja nayo kutoka tangi la nyumbani kwake Manyoni, madumu kumi na mawili, aliyoyapandisha kwenye gari la mizigo la jirani. Yalikuwa maji ya watoto wake ya kunywea, na mvua ilikuwa bado miezi miwili. Hakuruhusu mtu kugusa gari kwa kitambaa kabla hajalimwagia kwa kopo, kuanzia paa kushuka chini, mara tatu, mpaka vumbi lote likatiririka lenyewe. "Vumbi ni mchanga," alisema. "Ukilisugua kavu, umelipiga gari msasa."

Perisi alilisikia lile neno msasa, akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Mika ndiye aliyeamua sabuni. Alikuwa ameuliza, kama kawaida yake: muuza vipuri, fundi rangi, mwosha magari wa stendi, na mzee mmoja mwenye teksi. "Sabuni ya unga hapana," alisema. "Kali mno, inakula mng'ao. Sabuni ya vyombo nayo inatoa mafuta ya sufuria, na nta ya gari itaitoa vile vile." Akatoa chupa ya sabuni ya magari, akasoma nyuma yake kwa sauti mpaka mstari wa mwisho, akapima kifuniko kimoja tu kwa ndoo nzima. Akaweka ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu, uchafu usizunguke. Matairi akayatengea brashi yake na ndoo yake, yaoshwe mwisho. Utomvu mpya uliokuwa juu ya paa hakuukwangua. Aliuwekea kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akaketi akasubiri nusu saa huku akipiga mluzi, kisha ukateleza kama siagi.

"Kumbe ni kusubiri tu?" Perisi aliuliza.

"Kusubiri tu," alisema Mika.

Na Perisi ndiye aliyeamua kitambaa. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala vizuri, akaamka alfajiri akapekua sanduku lake. Akachagua fulana kuukuu za pamba, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama sikio la mtoto. Akakata mishono yote, pindo zote, lebo zote, kwa sababu uzi wa mshono una ugumu wake na gari huusikia. Vifungo vikatoka. Sifongo aliyoileta Mika aliiminya, akapata punje ya mchanga ndani yake, akaitupa. Kipande kilichoanguka chini hakukirudisha kwenye kazi. Alifuta kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, hakuna kuzungusha mkono, na akalikausha gari lote kwa taulo laini kabla tone halijajikausha lenyewe.

Jioni Pijo ilikuwa safi. Lakini boneti lilikuwa bado limefubaa, kwa sababu kuosha huondoa uchafu, hakuondoi mikwaruzo. Mika akampigia fundi rangi, akasoma tena makopo, akanunua polishi laini ya kusugulia na kopo la nta. Dorika akasema zamu yake ya zahanati imefika, ila ataacha madumu manne yaliyobaki. Mika alikuwa na duka. Kazi ya mkono ikabaki kwa Perisi.

Alisugua siku nne. Kiganja kwa kiganja, kipande kipya cha kitambaa kila saa, na maji ya Dorika ya kusuuzia. Bega likavimba. Na hapa ndipo palipokuwa na maumivu, wasikilizaji wangu, ambayo hayakuwa ya bega. Kila kiduara kilichofutika kilikuwa ushahidi unaofutika. Siku ya pili nusu ya boneti ilikuwa bluu. Siku ya tatu aliuona uso wake mwenyewe ndani yake, akageuka pembeni. Alielewa kwamba kadiri anavyolitengeneza gari ndivyo anavyouziba uongo wake, na kwamba akifanya kazi nzuri kabisa, baba ataamini mpaka kufa kwake kwamba gari halikuwa na kitu. Alisimama na kitambaa mkononi, asijue kama asugue au aache. Akasugua. Baba alikuwa ameomba kuiona ikiwa kama mpya, na hilo angalau aliweza kumpa. Siku ya nne akapaka nta, akaifuta. Nzi alitua juu ya boneti, miguu yake ikateleza.

Mzee Yoramu akarudi Jumamosi asubuhi, Mika akiwa amemleta, Dorika akiwa ameomba ruhusa kazini. Alishuka bila kushikwa mkono. "Mbukwenyi!" akawasalimu majirani kwa sauti kubwa, mmoja mmoja kwa sura, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Kisha akaiona Pijo.

Akalizunguka gari lote, mkono nyuma. Akafika mbele, akainamisha kichwa juu ya boneti, vile vile alivyoinama miaka minne nyuma. Mabega yake yakaanza kutikisika. Walidhani anacheka, kumbe analia.

"Kumbe mwanangu ulisema kweli," alimwambia Perisi. "Vumbi limeoshwa, na ukungu haupo. Yalikuwa macho. Mimi miaka yote nilikuwa na shaka kidogo moyoni, nikifikiri labda umenificha jambo. Unisamehe."

Perisi alirudi nyuma hatua moja.

Mzee akautoa ufunguo mfukoni. "Haya. Nani aliyeirudisha?"

"Maji yalikuwa ya Dorika," alisema Mika. "Yangekuwa ya kisima, baba, ungekuta gari limepigwa chokaa."

"Na sabuni ilikuwa ya Mika," alisema Dorika. "Mimi ningeweka ya unga tu, nisingejua. Lakini tuseme ukweli. Siku nne mfululizo, bega limevimba, ni Perisi. Mpe Perisi."

"Mimi nakubali," alisema Mika. "Mpe yeye."

Baba akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Baba, usinipe," alisema Perisi. Na kabla woga haujamwahi akayasema yote: jua la saa saba, sabuni ya unga, gunia, waya wa sufuria. "Ule ukungu ulikuwepo. Niliuona kama ulivyouona wewe. Nikakwambia ni macho."

Mkono wa mzee ulibaki hewani.

"Mwaka gani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ule mwaka ulipoacha kuendesha."

"Kabla ya Ndahani."

"Kabla ya Mzee Ndahani, baba." Alipiga magoti pale pale kwenye udongo mwekundu.

Mzee akatazama upande wa Kintinku, ambako nyumba za jirani zilizuia kuona chochote. "Nilimuuliza daktari," alisema hatimaye. "Nilimuuliza haya macho yalianza kuharibika lini. Akasema yamechukua miaka, lakini mingapi hawezi kujua. Kwa hiyo hata mimi sijui. Pengine siku ile nilikuwa mzima ukanifanya kipofu. Pengine nilikuwa nimeanza kuugua, ukaniondoa barabarani kabla sijaua mtu. Wewe hukujua, mimi sikujua."

"Lakini nilikusudia kudanganya," alisema Perisi.

"Ndiyo. Ulikusudia."

Mika alikuwa amekunja uso. "Mimi basi nabadili neno langu. Mtu hawezi kupewa zawadi kwa kukitengeneza alichokiharibu mwenyewe. Ufunguo ni wa dada Dorika. Alitoa maji ya watoto wake."

"Usinisemee," alisema Dorika. "Gari limefutika kila alama. Angenyamaza tu, leo angeondoka nalo na wewe ungempigia makofi. Amesema mbele ya zawadi, wakati anajua itampotea. Hilo halina uzito? Na kama sivyo, basi wa haki ni wewe mwenyewe, maana bila maarifa yako sisi wote wawili tungelimaliza gari."

"Mimi silitaki," alisema Perisi kutoka chini. "Mpeni yeyote."

"Sijakuuliza kama unalitaka," alisema baba yake, na sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya upole. "Nimeuliza nani aliyeirudishia Pijo mng'ao wake. Niliahidi, na nitatimiza." Akamwinua kwa mkono mmoja, akauweka ufunguo juu ya boneti katikati yao, akavuta kigoda akaketi. "Leteni chai. Nikimaliza kikombe nitasema."

Chai ikaletwa. Alikunywa taratibu, na hakumwaga hata tone. Perisi alisimama mikono nyuma, kiganja cha kulia kikiwa bado na malengelenge, akitazama kile kikombe kikipungua. Aliogopa kupewa kuliko alivyoogopa kunyimwa.

Mimi hadithi niliipata mpaka hapo. Aliyenisimulia aliitwa nje kabla kikombe hakijaisha, na kila ninayemuuliza ananiambia jibu lake.

Basi nawageukia ninyi. Dorika alitoa maji, na bila maji yale gari lingebaki na madoa. Mika alitoa maarifa, na bila yeye wangerudia kosa lile lile. Perisi alitoa mkono, na bila mkono wake ukungu ungekuwepo mpaka leo. Lakini ukungu aliuleta kwa mkono huo huo, na kwa mdomo wake alimnyang'anya baba Jumamosi ambazo hazirudi, na kwa mdomo huo huo alisema kweli ambayo hakuna ambaye angeigundua.

Kikombe kimebaki na funda moja. Ungekuwa wewe umeketi kwenye kile kigoda, ufunguo ungempa nani?